Kengele ya Mwisho Ikishalia: Shughuli za Wanafunzi Zinamfaa Nini Mtoto wa Shule ya Kati?

Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe wa miaka 12 atakuwa akichelewa kurudi nyumbani kila Jumanne kwa sababu ya mazoezi ya maigizo, swali humjia hata asipolitamka: muda huo si ungemfaa zaidi kwenye hisabati? Mwalimu mkuu naye, anapopanga ratiba na kugawa walimu wachache alio nao, hujiuliza jambo hilohilo kwa lugha ya bajeti. Ni swali la msingi, na majibu mawili yaliyozoeleka hayalitoshelezi. Wapo wasemao kwamba klabu, michezo na kwaya ni mapambo tu, kwa kuwa kazi ya shule ni masomo. Na wapo wasemao kwamba kila shughuli inamjenga mtoto, kana kwamba kumvisha jezi kunatosha kumfanya mtu bora. Tafiti za miongo kadhaa haziwaungi mkono hawa wala wale.

Ugumu unatokana na kwamba ndani ya swali hilo moja yamefungwa matatu. La kwanza ni kama shughuli hizi zinapandisha alama. La pili ni kama zinamwepusha mtoto na utoro, ulevi na ugomvi. La tatu ni kama zinampa kitu ambacho darasa, hata likiwa zuri kiasi gani, haliwezi kumpa kwa urahisi. Majibu ya maswali hayo hayalingani, na mabishano mengi huzuka pale mtu anapochukua jibu la swali moja akalitumia kwa jingine. Kwa maoni yangu la tatu ndilo lenye uzito, na yale mawili hulifuata nyuma. Ili lieleweke, hata hivyo, inabidi kwanza tumtazame mtoto mwenyewe.

Shule ya kati hapa ina maana ya madarasa yanayompokea mtoto akiwa na miaka 11 hivi na kumwachia akiwa na miaka 14, kwa jina lolote yanayoitwa katika mfumo wa elimu unaohusika. Ni miaka ya balehe: mwili unabadilika kwa kasi isiyotabirika, neno la rafiki linaanza kupita neno la mzazi, na mtoto anajifunza kujitazama kwa macho ya wenzake, mara nyingi bila huruma. Nchini Marekani, shule za kwanza zilizotengwa kwa ajili ya umri wa karibu na huu zilifunguliwa mwaka 1909, katika miji ya Columbus na Berkeley. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1963, mtaalamu wa mitaala William Alexander alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cornell na kulalamika kwamba shule hizo zilikuwa zimegeuka kivuli cha sekondari ya juu. Akapendekeza shule ya kati yenye sura yake yenyewe, iliyopangwa kwa kufuata mahitaji ya mtoto wa umri huo. Jina lilienea haraka. Sura ilichelewa.

Kwa nini ilichelewa lilielezwa vizuri mwaka 1993 na mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles pamoja na wenzake. Hoja yao ni kwamba mtoto anayeingia shule ya kati hukuta mazingira yanayokwenda kinyume kabisa na anavyokua. Wakati anapoanza kutaka kujiamulia mambo yake, sheria zinaongezeka na nafasi za kuchagua zinapungua. Wakati anapomhitaji mtu mzima wa kumsikiliza ambaye si mzazi wake, anatolewa kwa mwalimu mmoja aliyemjua siku nzima na kukabidhiwa kwa walimu sita au saba, kila mmoja akiwa na wanafunzi zaidi ya mia. Na wakati anapokuwa mwepesi mno kujilinganisha na wengine, shule inaanza kupanga watu kwa nafasi za kwanza hadi ya mwisho. Hamu ya shule inaposhuka katika miaka hiyo, watu wazima hulaumu balehe. Eccles na wenzake walisema sehemu ya lawama ni ya shule, kwa sababu imemshonea mtoto nguo isiyomtosha.

Shughuli za wanafunzi zinaingia hapa. Si lazima ziwe bora kuliko darasa. Kinachozitofautisha ni kwamba zinaweza kupangwa kwa kanuni nyingine. Mtoto anaichagua mwenyewe, anachanganyika na watu wa madarasa mengine, na anakutana na mwalimu ambaye kwa saa moja na nusu ameiweka kando kalamu nyekundu. Mwanasaikolojia Reed Larson alitumia njia rahisi kuliangalia jambo hili: vijana hubebeshwa kifaa kinacholia bila kutarajiwa nyakati mbalimbali za siku, na kila kinapolia kijana huandika anafanya nini, ameelekeza akili kiasi gani, na anapenda kiasi gani kuwa pale. Katika makala aliyoitoa mwaka 2000 alionyesha mpangilio unaostahili kukumbukwa. Darasani akili huwa kazini lakini hamu iko chini. Kwenye mazungumzo na marafiki hamu huwa juu lakini akili imelegea. Katika michezo, sanaa na klabu ambazo kijana amejiunga nazo kwa hiari, vyote viwili hupanda kwa pamoja. Mahali ambapo mtu anajitahidi na wakati huohuo anataka kuwapo ni pachache katika maisha ya mtoto wa miaka 13, na hata katika maisha ya watu wazima wengi, tukisema kweli.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi likitazamwa kwa karibu. Tufikirie klabu ya maigizo yenye watoto 20, zimebaki wiki mbili kabla ya onyesho, na pazia linakwama katikati kila linapovutwa. Aliyepewa kazi ya pazia ni mvulana ambaye, siku ya majaribio, haya zilimfunga mdomo, hivyo hakupata nafasi ya kuigiza. Anapanda ngazi, anaona kwamba pete mbili zimepinda, anashuka na kumwarifu mlezi wa klabu. Mlezi angeweza kumwita fundi. Anamuuliza tu, "Wewe unaonaje?" kisha ananyamaza. Kimya kinakuwa kirefu kiasi cha kuwafanya wengine wageuke. Mvulana anasema pete zilizopinda ziondolewe na zilizobaki zipangwe upya kwa kuachana kidogo zaidi. Anajaribu, pazia linapita, ila linaacha pengo upande wa kushoto. Msichana anayeigiza malkia analitazama pengo hilo, anasogea hatua mbili na kusema kwamba atakuwa akisimama pale.

Hakuna alama iliyotolewa katika tukio hilo, na hakuna hata mmoja aliyepongezwa. Lakini mengi yamepita. Mtoto mwenye haya amehitajiwa, na kuhitajiwa ni tofauti na kusifiwa. Sifa humwelekea mtu, hitaji huelekea kazi, na mtoto wa umri huu, anayejihisi kutazamwa muda wote, hupumua pale macho yanapohamia kwenye pazia. Kosa lake, kama lingekuwapo, lingeonekana mara moja kwenye kamba, wala lisingeandikwa kwenye ripoti ya muhula. Mwenzake amebadilisha mahali pa kusimama kwa sababu ya kazi yake. Na mtu mzima mmoja shuleni amemfahamu kwa jambo ambalo halimo katika masomo anayofeli. Mazoezi ya namna hiyo yakirudiwa kila Jumanne kwa miezi saba, mtoto hutoka akiwa na jibu la kwanza la swali linalomsumbua: mimi ni nani mahali hapa?

Sasa turudi kwenye ushahidi, kwa sababu kisa kizuri hakithibitishi kitu. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa Joseph Mahoney na Robert Cairns, uliochapishwa mwaka 1997. Waliwafuatilia wanafunzi 392 tangu darasa la saba hadi la kumi na mbili, wakiwahoji kila mwaka, ili waone nani anaacha shule mapema. Walioshiriki shughuli za shule waliacha kwa kiwango kidogo, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao tangu mwanzo walionekana kuwa hatarini zaidi, yaani wenye alama duni na tabia ya ugomvi. Kwa watoto waliokuwa wakiendelea vizuri, kushiriki au kutoshiriki hakukubadilisha mengi. Wangemaliza kwa vyovyote vile.

Msomaji makini atauliza: je, si kwamba watoto wenye ari ndio hujiunga na klabu, na ari hiyohiyo ndiyo huwabakiza shuleni? Hili ndilo fundo kubwa la uwanja huu wote. Anayejiunga na anayekataa si watu walewale, na hakuna mtafiti anayeweza kuwalazimisha watoto kupenda kwaya kwa kupiga kura ya bahati. Watafiti hujaribu kulifungua fundo kwa kuwalinganisha watoto waliofanana kabla ya kujiunga, jambo ambalo Mahoney na Cairns walilifanya kwa kuwagawa katika makundi kulingana na hali yao ya awali. Hilo hupunguza shaka, halifuti. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba klabu ya chesi imempandishia mwanawe alama anaweza kuwa sahihi, lakini anaweza pia kuwa anaitazama tabia ya mwanawe ikijitokeza mahali pawili.

Kuhusu alama zenyewe, ni busara kuwa na matarajio ya kiasi. Serikali ya Marekani iliwahi kugharimia tathmini kubwa ya vituo inavyovifadhili kwa ajili ya watoto baada ya saa za masomo, na ripoti ya kwanza ilipotoka mwaka 2003 wengi walivunjika moyo: athari kwa alama za wanafunzi wa shule za kati ilikuwa ndogo mno, na mahudhurio yenyewe yalikuwa ya kusuasua. Wapinzani wa programu hizo walishangilia mapema. Mwaka 2010 Joseph Durlak na wenzake walizipitia kwa pamoja tathmini nyingi za programu za baada ya masomo zilizolenga stadi za kijamii, wakaona kwamba wastani ulikuwa unaficha makundi mawili. Programu zilizofundisha stadi zake kwa hatua zinazofuatana, zilizomfanya mtoto atende badala ya kusikiliza, zilizotenga muda maalumu kwa jambo hilo, na zilizosema wazi ni stadi gani inatafutwa, zilionyesha mafanikio katika mwenendo, katika kujiamini na hata katika alama. Zilizokosa sifa hizo hazikuonyesha kitu. Ukichanganya sukari na mchanga kisha ukaonja, huwezi kusema sukari haina ladha.

Zipo pia shughuli zinazodhuru, na hili husemwa kwa nadra. Nchini Uswidi, Mahoney na Håkan Stattin walichunguza vijana wa miaka 14 na jinsi wanavyotumia jioni zao, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Waliokuwa katika shughuli zenye ratiba, kiongozi na lengo walikuwa na matendo machache ya uvunjaji wa kanuni. Waliokuwa wakienda kwenye vituo vya burudani visivyo na mpango, ambako kijana huingia na kutoka atakavyo na mtu mzima yupo lakini haongozi lolote, walikuwa na matendo mengi zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walikuwa wameonya kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia katika kundi moja, hata kwa nia ya kuwasaidia, kunaweza kuwafanya wafunzane makosa, kwa sababu kicheko cha rika ni tuzo iliyo karibu kuliko nasaha za mkubwa. Shule inayowakusanya watundu wote katika klabu moja ya nidhamu inapaswa kulitafakari hilo mara mbili.

Hata shughuli iliyopangwa vizuri huja na tabia za watu wake. Eccles na Bonnie Barber walipochunguza aina mbalimbali za shughuli, katika kazi waliyoitoa mwaka 1999, waliona kwamba vijana wa timu za michezo walipenda shule zaidi, lakini pia walikunywa pombe zaidi kuliko wenzao. Mpira haunyweshi mtu pombe. Timu ni kundi la marafiki, na kundi hubeba desturi zake. Aisilandi hutolewa mara nyingi kama mfano wa upande wa pili. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika siku 30 zilizotangulia; kufikia mwaka 2016 kiwango kilikuwa asilimia 5. Michezo, muziki na sanaa zilipanuliwa, na mji wa Reykjavík ukazipa familia kadi yenye fedha za kulipia shughuli za watoto. Wanaoisimulia habari hii, hata hivyo, hupenda kusahau kwamba pamoja na hayo wazazi walijipanga kwa makubaliano, saa za watoto kuwa nje usiku ziliwekewa mipaka, na umri wa kununua pombe na tumbaku ulisimamiwa kwa ukali. Klabu zilikuwa nguzo moja ya nyumba yenye nguzo nne.

Ikiwa faida hutegemea namna shughuli ilivyojengwa, basi swali la nani anaingia linakuwa kubwa kuliko swali la shughuli ipi, na hapa ndipo shule nyingi za kati hukosea. Timu inayochuja watoto wa miaka 12 kwa kuangalia nani ana kasi na nguvu haichagui vipaji. Mara nyingi inachagua walioanza balehe mapema. Wavulana wawili wa umri mmoja wa kalenda wanaweza kuachana kwa miaka kadhaa katika ukomavu wa mwili, na yule aliyeachwa nje kwa ufupi wake huenda baada ya miaka mitatu akampita aliyechaguliwa. Tarehe ya kuzaliwa pekee inatosha kupotosha uteuzi. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika ligi za hoki za Kanada wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, kwa kuwa mwaka wa usajili ulianza Januari na wakubwa wa miezi michache walionekana hodari tangu utotoni. Katika sekondari ya juu, uteuzi mkali una hoja zake. Katika shule ya kati, ambako mtoto bado hajui anaweza nini, kumkataa ni kumpa jibu kabla hajauliza swali.

Namna ya pili ya kuwafungia watu nje ni ile inayoonekana kuwa ya haki: sharti la alama. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1984 iliyomzuia mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika somo lolote kushiriki mashindano ya nje ya darasa kwa wiki sita, muda ambao baadaye ulipunguzwa. Mantiki yake inaeleweka, na wapo watoto ambao wamesoma kwa bidii ili wasiikose timu. Lakini iweke sheria hiyo kando ya matokeo ya Mahoney na Cairns ya mwaka 1997, na mgongano unajitokeza wenyewe: walioonekana kunufaika zaidi na shughuli ni watoto wenye alama duni, na hao ndio sheria inaowatoa kwanza. Kwa mtoto ambaye kamba ya mwisho inayomfunga na shule ni kwaya, kumtoa kwenye kwaya ni kuikata kamba hiyo kwa jina la masomo. Ada, mavazi maalumu, ukosefu wa usafiri wa jioni na kazi za nyumbani zinazowasubiri hasa wasichana hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya, bila sheria yoyote kupitishwa.

Upande wa pili wa kuzidisha nao upo, na Japani ndiyo inayoufahamu vizuri. Huko klabu za shule za kati zimekuwa sehemu ya maisha ya karibu kila mwanafunzi, zenye mazoezi ya kila siku na hata mwisho wa wiki, na mzigo umewaangukia walimu. Katika utafiti wa kimataifa wa mwaka 2018 wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, walimu wa ngazi hiyo nchini Japani walitaja wastani wa saa 56 za kazi kwa wiki, saa 7.5 kati yake zikiwa za shughuli za ziada, wakati wastani katika nchi zilizoshiriki utafiti huo ulikuwa saa 1.9. Mwaka huohuo mamlaka ya michezo ya nchi hiyo ilitoa mwongozo unaotaka angalau siku mbili za mapumziko kila wiki, na mazoezi yasizidi takriban saa mbili siku za kazi na tatu siku za mapumziko. Tangu hapo serikali imekuwa ikizihamisha klabu, hatua kwa hatua, kutoka mikononi mwa walimu kwenda kwa vyama vya kijamii na makocha wa nje.

Kwa mwalimu aliyechoka, uamuzi huo ni nafuu ya kweli, na hakuna klabu inayostawi chini ya mlezi anayesinzia. Lakini kocha anayekuja saa kumi jioni na kuondoka saa kumi na mbili hafundishi hisabati siku inayofuata. Katika ile klabu ya maigizo, mlezi aliyenyamaza chini ya ngazi siku ya Jumanne ndiye anayeingia darasani Jumatano asubuhi, anamkuta mvulana yuleyule amekaa nyuma kabisa mbele ya swali la sehemu alilolishindwa, na tayari anajua kwamba huyu, akipewa muda na kuulizwa anaonaje, huwa ana jibu.